Nani Kakwambia?

Popote redio hii inapokufikia, iwe umeitundika kwenye nguzo ya banda huku unakata michembe, iwe uko nyuma ya kaunta ya duka, iwe umeketi juu ya magunia ya pamba kwenye tela na ng'ombe wanakupeleka taratibu, karibu tukae pamoja kidogo.

Leo nina swali moja tu, na ni la maneno mawili: Nani kakwambia?

Nimelisikia tangu utoto wangu kijijini kwetu Nkololo, Usukumani. Mtu akija na habari ya mbegu mpya, ya dawa ya ng'ombe, ya shule inayofundisha vizuri, ya fundi wa kuezeka bati, au ya binti anayefaa kuolewa, haulizwi bei kwanza. Anaulizwa nani kakwambia. Akijibu kwamba kaona kwenye bango pale Bariadi mjini, wazee wanaitikia kwa upole na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Akijibu, "Mama yule wa njia ya lamboni, yeye kaipanda," watu wanasogeza vigoda.

Wenye taaluma ya masoko na uhusiano wa umma wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Wanasema katika kila biashara kuna mtu wa kwanza, ndiye muuzaji, kuna wa pili, ndiye mnunuzi, na kuna wa tatu, asiyeuza wala asiyenunua, ambaye anasimama pembeni na kusema, "Kitu hiki nakijua." Kampuni ikijisifu yenyewe kwa saa nzima haipati kile ambacho huyu wa tatu anaipa kwa sentensi moja. Ndiyo maana zinamtafuta kwa udi na uvumba, na nyingine zinamtafuta kwa bahasha.

Mimi nina maoni yangu kuhusu nguvu hiyo inatoka wapi, na nitayasema mapema. Haitoki kwenye umaarufu wala kwenye uzuri wa sauti. Inatoka kwenye kile ambacho msemaji atakipoteza maneno yake yakigeuka uongo.

Nikupeleke Nkololo nikuonyeshe. Kwa muda mrefu pamba yetu tuliipanda kwa nafasi kubwa, sentimita 90 kati ya mstari na mstari na 40 kati ya shimo na shimo, kwa wale waliopanda kwa mstari. Wengine walitupa mbegu tu nyuma ya plau, ikaota ilivyoota. Kisha watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru wakaleta nafasi mpya, 60 kwa 30. Piga hesabu mwenyewe: ekari iliyokuwa na mashimo kama 11,000 inakuwa na mashimo kama 22,000. Bwana shamba akaja, akatukusanya chini ya mti, akatufafanulia vizuri, na ni mtu mwema, tunampenda. Tukampigia makofi. Msimu ulipofika tukapanda kama tulivyokuwa tukipanda. Kabla yake lilishapita gari lenye vipaza sauti la wauza pembejeo, likagawa fulana na kofia. Fulana zile zilivaliwa kwenye palizi mpaka zikachanika mabegani, lakini shambani hakikubadilika kitu.

Baadaye nilimuuliza mjomba wangu kwa nini hakumsikiliza bwana shamba. Alinijibu bila kunitazama, anafunga mnyororo wa plau. "Pamba ikikataa, yeye mwisho wa mwezi analipwa. Mimi nitalipwa na nani?"

Miaka miwili ikapita. Akatokea mama mmoja, mjane, shamba lake liko kandokando ya njia ya kwenda lamboni, mahali ambapo kila mwenye ndoo lazima apite. Ni mama mgumu wa kusifu. Ukimpikia ugali mzuri anakwambia umeiva. Alichukua kamba, akaifunga mafundo kila sentimita 30, akapanda nusu ekari yake yote kwa mistari. Tukapita hapo Desemba, tukapita Januari, tukapita Machi. Hakuna aliyesema kitu, lakini kila mtu alipunguza mwendo akifika pale. Mwezi wa nne, wanawake wawili wakamuuliza. Akawaambia hivi: "Inachosha mgongo. Palizi ya kwanza nilitaka kuacha. Lakini ingieni mhesabu vitumba."

Mwaka uliofuata kamba za mafundo ziliuzwa mnadani.

Msikilizaji, yatafakari maneno ya mama huyo. Alianza na ubaya: inachosha mgongo. Muuzaji hawezi kuanza hapo, na tangazo la redio haliwezi kuanza hapo, najua kwa sababu nimeyasoma mengi. Shahidi wa kweli hukupa na kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayokufanya uamini yaliyobaki. Halafu hakusema "niaminini". Alisema ingieni mhesabu. Na jambo kubwa kuliko yote, nusu ekari ile ilikuwa chakula cha watoto wake, na ilikuwa njiani, mbele ya macho ya kijiji kizima. Kama ingeshindwa, angeshindwa akiwa peupe.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa mahindi wa jimbo la Iowa, wakulima 259. Walitaka kujua mbegu ya mahindi chotara ilisambaa vipi. Wakakuta kwamba wengi walisikia habari zake kwanza kwa wauza mbegu waliokuwa wakizunguka mashambani. Kusikia kulikuwa kazi ya muuzaji. Lakini wengi hawakupanda siku hiyo, wala mwaka huo. Walikaa miaka, wakajaribu kipande kidogo, na kilichowasukuma kupanda hasa ni jirani. Hawa ni watu waliokuwa na matrekta na magazeti ya kilimo, nao waliulizana uani kwa jirani kama tunavyoulizana sisi.

Sasa niliseme neno moja ambalo limegeuzwa maana, na mimi linanikera. Neno lenyewe ni balozi.

Siku hizi msanii akisaini mkataba na kampuni ya soda au ya simu anaitwa balozi wa bidhaa. Lakini huku kwetu neno balozi lina kazi ya zamani zaidi. Tangu miaka ya 1960, enzi za TANU, tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Ukitaka mkopo, ukitaka kumdhamini kijana wako polisi, ukitaka kuuza kiwanja, ulianzia kwake kabla ya kufika kwa mtendaji. Akisema "namfahamu, ni mwenzetu", mlango unafunguka. Na neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu moja iliyo wazi: akimwandikia mwizi barua nzuri, mwizi huyo ataiba kwenye nyumba kumi zilezile, na ya balozi imo.

Msanii wa kwenye bango hayumo katika nyumba kumi zangu. Mkataba ukiisha, mwaka kesho utamwona ameshika chupa ya mshindani, na wala simlaumu, ni kazi yake na ana haki ya kula jasho lake. Ninachosema ni kwamba sura yake inanifanya nilione tangazo. Kununua ni habari nyingine, hapo narudi kwa jirani.

Nenda stendi ya Bariadi asubuhi umwangalie mpiga debe. "Lamadi, Lamadi, Mwanza, Mwanza, siti ya mbele ipo!" Anagonga ubavu wa basi, anakupokea mzigo kabla hujamwambia unakwenda wapi. Analipwa na konda, na hakuna asiyejua, hata bibi mwenye kapu la mayai anajua. Kwa hiyo tunamsikia kama anavyopaswa kusikiwa. Anatangaza kwamba basi lipo, na kama ni zuri utaliona ukipanda. Mimi namheshimu mpiga debe kwa sababu hajavaa nguo ya mtu mwingine. Ninayemwogopa ni mpiga debe aliyejivika shati la jirani.

Tanzania tumewahi kuona neno la mtu wa tatu likifanya kazi kwa ukubwa wake wote. Mwaka 1995, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaacha urais kwa miaka kumi, na uenyekiti wa chama kwa mitano. Hakuwa anagombea chochote. Benjamin Mkapa alikuwa waziri, lakini hakuwa jina la kila kinywa vijijini. Ndani ya chama chake ilibidi apigiwe kura ya raundi ya pili dhidi ya Jakaya Kikwete. Mwalimu akazunguka nchi, akapanda majukwaani, akasema huyu. Mkapa akashinda kwa karibu asilimia 62. Sisemi ni maneno ya Mwalimu peke yake. Lakini wazee wa Nkololo niliowasikia wakizungumzia uchaguzi ule hawakuanza na sera. Walianza na "Mwalimu kasema." Walijua Mwalimu hana cha kutafuta tena, na walijua ana cha kupoteza, jina alilolijenga maisha yake yote.

Kwetu Usukumani tuna mahakama nyingine ya mambo haya, nayo haitumii maneno hata kidogo. Ni uwanja wa ngoma. Tangu karne ya 19, tangu enzi za waanzilishi wake Ngika na Gumha, wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanja mmoja, zikacheza kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, vichekesho vyake, nyoka wake au majembe yake. Mshindi hapatikani kwa jopo la majaji waliokaa mezani. Mshindi ni upande uliovuta watu wengi. Umati uko huru, unaenda huku, unarudi kule, vumbi linapanda, na miguu ya watu ndiyo kura. Nikiwa mtoto nilisimama katikati ya umati huo nikaona kitu ambacho sijakisahau: hakuna anayeangalia ngoma peke yake. Kila mtu anaangalia ngoma na anaangalia wenzake wanaelekea wapi. Kumi wakiondoka, mia wanageuza shingo.

Ndiyo maana kuna wacheza ngoma waliotafuta dawa ya kuvuta watu. Na ndiyo maana leo kuna wafanyabiashara wanaonunua wafuasi wa mitandaoni kwa maelfu. Wamegundua kwamba tunaangaliana.

Hapa sasa ndipo pagumu, na nataka twende polepole, kwa sababu jambo lenyewe limewagusa watu wetu.

Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti kutoka hapa kwetu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Hakuweka tangazo hata moja. Hakuwa na bango, hakuwa na balozi wa kulipwa. Lakini magari yalijipanga kwa kilomita nyingi, watu walilala barabarani siku kadhaa, wengine wagonjwa mahututi wakafia kwenye foleni. Nani kawaambia? Waliambiwa na jirani aliyekwenda akarudi. Waliambiwa na picha za mawaziri na wakubwa wengine wakiwa wameshika kikombe. Waliambiwa na viongozi wa dini waliosema ni jambo jema. Kanda ya Ziwa yote ilichanga nauli. Katika ukoo wangu mbuzi wawili waliuzwa ili shangazi aende.

Shangazi alirudi akiwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena. Alisema amepona. Na hakuwa anadanganya, naomba hilo mlipokee, kwa sababu hapa ndipo nadharia yangu mwenyewe inapojaribiwa. Alikuwa na kila sifa ya shahidi niliyoitaja. Hakulipwa, anakaa nasi, angepoteza heshima akisema uongo. Lakini alishuhudia jambo ambalo macho yake hayakuweza kuliona. Mtu anaweza kushuhudia kwamba alikunywa, kwamba usiku ule alilala bila maumivu. Hawezi kushuhudia kwamba sukari imeshuka kama hajapimwa. Wataalamu wa afya walisihi watu wasiache dawa zao za hospitali, na wengi waliziacha. Shangazi aliziacha. Tulimzika mwaka uliofuata. Mzee Mwasapile naye alifariki Julai 2021, na mimi simhukumu marehemu. Nasema kuhusu sisi tuliosimulia.

Miaka miwili kabla ya kikombe cha Loliondo, mwaka 2009, Serikali ilisimamisha upatu ulioitwa DECI. Mnakumbuka lugha yake: kupanda mbegu, kuvuna. Baadhi ya waliokuwa wakiiongoza walikuwa wachungaji, na watu walipanda fedha zao kwa sababu aliyewaambia ni mtu wanayesali naye. Na waliotangulia walivuna kweli! Walirudi na fedha mkononi, wakazionyesha. Walichoshuhudia kilikuwa kweli tupu kwa sehemu waliyoiona. Sehemu ambayo hawakuiona ni kwamba mavuno yao yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma yao. Viongozi wake walifikishwa mahakamani, na maelfu ya watu wakabaki na karatasi.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitaongeza kwenye swali letu la maneno mawili swali jingine la maneno matatu: Yeye kajuaje hilo? Mama wa njia ya lamboni alijua kwa kuhesabu vitumba. Bwana shamba anajua kwa kupima shambani Ukiriguru, na kwa kweli ujuzi wake ni mkubwa kuliko wa yule mama. Alichokosa ni hasara. Shangazi alikuwa na hasara zote, akakosa kipimo. Laiti ingewezekana kuwaweka hawa wawili kwenye kigoda kimoja.

Wenye viwanda wakubwa wa dunia walijua zamani kwamba tunatamani hivyo, tunamtaka mtu mwenye ujuzi ambaye pia ni wetu. Mwaka 1946, kampuni ya sigara za Camel kule Marekani ilianza kutangaza kwamba madaktari wengi huvuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Wakamchora daktari na koti lake jeupe, sigara mkononi, uso wa huruma. Ilichukua mpaka 1964 kwa mganga mkuu wa serikali yao kutoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Koti jeupe lilikuwa limelipigia debe kaburi.

Nami nina la kwangu la kusema, na nimelichelewesha kwa sababu ni zito.

Miaka michache nyuma, nikiwa kwenye kituo kingine, kulikuja unga wa dawa ya kuku. Mwenye biashara alilipia, lakini hakutaka tangazo. Alitaka niseme katikati ya kipindi, kama mtu anayezungumza na wasikilizaji wake, kwamba nyumbani kwangu tunautumia na kuku wangu wamestawi. Niliambiwa hivyo ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Sikuwa na kuku hata mmoja. Nilisema. Nilisema mara tatu kwa wiki, kwa sauti hiihii unayoisikia.

Mwezi wa pili akaja mama mmoja kutoka Nkololo. Alikuja na basi la asubuhi, akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka nilipotoka studio. Alikuwa na mfuko wa salfeti. Aliufungua akanionyesha manyoya, hakuleta mizoga, alileta manyoya tu, ya kuku 34. Mdondo ulipita. Alikuwa ameacha chanjo, lile tone la jichoni kila baada ya miezi mitatu, akanunua unga kwa fedha ya chanjo. Nilijaribu kumpa namba ya mwenye biashara. Akaikataa. "Huyo simjui," aliniambia. "Mimi nilinunua kwa sababu ulisema wewe."

Hakupandisha sauti. Aliufunga mfuko wake akaondoka kuwahi basi.

Tangu siku ile, ninapopokea fedha kusoma tangazo nasema ni tangazo, na kanuni za utangazaji zinataka hivyo. Kitu nisichokitumia sisemi nakitumia. Na nimekosa fedha kwa sababu hiyo, si haba. Lakini nataka wafanyabiashara wa mkoa huu wa Simiyu, hasa vijana mnaoanza, mnisikilize, kwa sababu nawatakia mema. Shahidi uliyemnunua kwa siri unaye kwa muda mfupi tu. Siku watu wakijua alilipwa, na huku kwetu watajua, hapotei yeye tu. Wanarudi nyuma wanahoji na wale waliokusifu bure.

Tunaambiwa chema chajiuza. Mimi sikubaliani sana na methali hiyo. Chema kinakaa rafuni kikipata vumbi kama hakuna wa kukisemea. Vijana wa Maswa walipotengeneza chaki, na wa Meatu walipofungasha maziwa, mkoa wakati wa mkuu wa mkoa Anthony Mtaka uliwabeba, ukazinadi bidhaa zao kila jukwaa, kwa wazo la kila wilaya na bidhaa yake. Ilikuwa kazi nzuri, na natamani kila mkoa ungefanya. Neno la mkuu liliipeleka chaki mpaka mlangoni mwa shule. Ndani ya darasa shahidi ni mwalimu, kama chaki inakatika, kama inafutika, kama inamkohoza. Kijana mwenye kiwanda anapaswa kwenda kukaa na mwalimu huyo, amsikilize kasoro zote, arudi azirekebishe, kisha amwombe aseme alichokiona. Hapo anampata shahidi asiyeshukiwa na mtu, na gharama yake ni nauli na masikio.

Meatu kuna mfano mwingine. Tangu 1994 wakulima wa mradi wa bioRe wanalima pamba bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi, na nguo zake zinauzwa Uswisi. Mnunuzi wa kule hajawahi kukanyaga Meatu. Atajuaje kwamba shamba la mzee fulani halikupuliziwa sumu? Anajua kwa sababu wakaguzi wa nje, wasio wa mradi wala wa duka, huja kukagua mashamba na vitabu, na ndio wanaotoa cheti. Naam, mkaguzi naye analipwa. Lakini akipitisha uongo akagundulika, anapoteza kibali cha kukagua, na bila kibali hana kazi. Unaona, tumerudi palepale, kwenye kile anachoweza kupoteza. Ni balozi wa nyumba kumi, ila nyumba zake ziko mabara mawili.

Na wazee wetu walilijua hili kabla ya vyeti. Miaka ya mwanzo ya 1950, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara waliokuwa na mizani yao, na mkulima hakuwa na la kusema. Gunia aliloliinua mwenyewe nyumbani akajua uzito wake, likifika kwa mnunuzi linapungua. Kabla ushirika haujaanza kununua pamba yenyewe, wakulima walianza kwa kuweka watu wao wanaojua kusoma mizani, pamba ipimwe kwanza kwa jicho la mwenzao ndipo ifike kwa mnunuzi. Mtu wa tatu, na mizani ya tatu. Katika vuguvugu hilo ndipo alipoinuka mwanaushirika Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika, VFCU, ambalo ndani ya miaka michache likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika. Wakulima hawakuingia ushirika kwa kuvutwa na kaulimbiu. Waliingia kwa sababu waliona tofauti ya kilo.

Juzi nilikuwa Nkololo, kwenye ghala la chama cha msingi, msimu umefunguliwa. Mizani ya rula imeondoka, imekuja ya kidijitali, namba nyekundu zinasomeka hata ukiwa mlangoni, na stika ya Wakala wa Vipimo imebandikwa ubavuni. Karani alikuwa kijana mstaarabu. Foleni ya matela ilifika kwenye mwembe. Mbele kabisa alikuwa mzee mmoja mwenye magunia sita, na juu ya magunia alikuwa amefunga kwa kamba dumu la njano la lita 20, limejaa maji.

Karani akamwambia, "Shikamoo baba. Leta pamba."

Mzee akaitikia marahaba, akashusha dumu. Akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka juu ya mizani, akarudi hatua moja nyuma. Foleni nzima ikanyamaza. Kijana hakukasirika, akavuka upande wa pili wakasimama bega kwa bega wanasoma. Kilo 20 za maji, na kilo moja hivi ya dumu lenyewe. Namba zikachezacheza, zikatulia: 21.

Mzee akalishusha dumu lake, akawamwagia ng'ombe maji wanywe. Halafu akamgeukia mwanawe aliyekuwa bado kwenye tela. "Haya, shusha gunia la kwanza."